Upanga wa Mwingereza chini ya kitanda: utajuaje umetoka wapi na ulikuwa wa kazi gani?

Leo siasa tunaziweka pembeni kidogo, nina kitu cha darasani ila ni darasa la mtaani.

Kuna mshkaji wangu nilimaliza naye form four, kwao ni Tabora. Usiku mmoja kanipigia simu anaongea kwa kunong'ona. Nyumbani kwao kuna upanga wa zamani, umelala chini ya kitanda cha marehemu babu yake tangu yeye hajazaliwa. Babu alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku kwetu. Hadithi ya familia inasema baba yake babu aliupora kwa afisa wa Kizungu kwenye Vita Kuu ya Kwanza, tena eti umekata vichwa vya watu. Watoto walikuwa wanakatazwa kuugusa.

Sasa siku hiyo amekuja jamaa mnunuzi wa vitu vya kale. Kaushika, kaugeuza, kasema "hii kanyaboya kutoka India, lakini nitawapa elfu themanini". Baba zake wadogo wawili wanataka kuuza maana paa la nyumba linavuja. Shangazi yake hataki. Mshkaji ananiuliza, "Mwana, wewe unashinda mtandaoni, niambie huu upanga ni nini kabla ya kesho jioni."

Nikamwambia nitumie picha. Nikaenda kafe nikazifungua kwenye skrini kubwa, nikakaa nazo masaa matatu. Nilichojifunza ndiyo hiki hapa. Kama kwenu kuna chuma cha aina hii, soma mpaka mwisho.

KWANZA KABISA: USISUGUE

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu analifanya ni kuchukua msasa au steelwire na kuung'arisha upanga "ili uonekane vizuri". Usithubutu! Maandishi ya kwenye upanga wa Kiingereza mengi hayajachongwa kwa kina. Yameunguzwa juu juu kwa tindikali, yana kina cha kucha tu. Ukisugua unafuta jina, namba na tarehe, yaani unafuta cheti cha kuzaliwa. Kitambaa kikavu na mafuta mepesi ya cherehani vinatosha. Kisha ulaze kwenye mwanga wa pembeni, kwa mfano karibu na dirisha asubuhi, herufi zitajitokeza zenyewe.

1. PIMA UREFU NA UANGALIE UMBO

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima bapa peke yake, bila mpini.

Kama bapa ni kama sentimita 43 na kuna tundu la kuishikiza kwenye bunduki, huo sio upanga kabisa. Hiyo ni singe, na kuna uwezekano mkubwa ni singe ya Kiingereza ya mwaka 1907 ya kuchomeka kwenye bunduki ya Lee-Enfield. Hapa wengi wanalizwa. Wanaona imeandikwa 1907 wanadhani ndio mwaka iliotengenezwa. Hapana. 1907 ni mwaka ambao mtindo wake ulipitishwa. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa huandikwa chini yake kwa ufupi, kwa mfano 5 na 17, maana yake mwezi wa tano 1917. Shika hiyo, maana itakusaidia na kwenye panga: mwaka wa MTINDO sio mwaka wa KUZALIWA.

Kama bapa ni refu la sentimita 80 na zaidi, sasa tunaongea upanga. Umbo linakwambia kazi yake:

- Umepinda na unapanuka kuelekea nchani: huo ni wa kukata. Mfano maarufu ni kitara cha askari wa farasi wepesi cha mwaka 1796, kilichobuniwa na afisa anaitwa John Gaspard Le Marchant. Ndicho kilitumika mpaka kwenye vita ya Waterloo mwaka 1815. Mtu alikuwa juu ya farasi anafyeka kushuka chini.

- Umenyooka, mwembamba, ncha kali: huo ni wa kuchoma. Upanga wa askari wa farasi wa mwaka 1908 una bapa la sentimita kama 89, na mpini wake umeundwa ili mkono ukinyooka na upanga unyooke kama mkuki. Wajuzi wengi wanasema ndio upanga bora wa farasi ambao Uingereza iliwahi kuutengeneza. Bahati mbaya yake ni kwamba ulitoka miaka sita tu kabla ya vita ya bunduki za rasharasha.

- Umenyooka, sentimita 82 na nusu hivi: huyo ni mgombea wa upanga wa afisa wa askari wa miguu wa mtindo wa 1897. Huo maafisa wa askari wa miguu wa Uingereza wanautumia mpaka leo kwenye gwaride. Hata huku kwetu, mkiangalia sherehe za taifa mnaona afisa anayeongoza gwaride kashika upanga mkononi. Ni desturi iliyobaki kutoka jeshi la Mwingereza.

Upanga wa Tabora? Sentimita 82 na ushee. Umenyooka kama rula. Moyo ukaanza kunidunda.

Halafu kuna ule mfereji unaopita katikati ya bapa. Wazee wanauita mfereji wa damu, eti damu ipite. Wadau, hiyo ni stori ya kijiweni. Mfereji unapunguza uzito wa chuma bila kuufanya upanga ulegee, basi. Ni hesabu ya mhunzi.

2. ANGALIA KINGA YA MKONO

Kinga ni lile bati linalozunguka vidole. Hapa ndipo jeshi linajitambulisha.

Ukiona kichwa cha simba mwisho wa mpini na nanga kwenye kinga, huyo ni afisa wa jeshi la majini, mtindo ulioanza mwaka 1827. Ukiona upanga uliopinda, mpini wa pembe ya ndovu na kinga ya msalaba tu isiyozunguka vidole, huenda ni wa jenerali wa mtindo wa 1831. Huo Waingereza waliiga panga za Wamamluki wa Misri, kwa hiyo ukiona unafanana na wa Kiarabu usishangae, ndugu ni ndugu. Ukiona kinga kama kikapu kizima kinachofunika mkono wote, elekea Uskoti.

Na ule wa 1897 una kinga pana ya chuma yenye matundu ya maua maua yaliyosokotana, na katikati yake kuna taji na herufi. Ukingo wa ndani wa kinga umekunjwa chini. Unajua kwa nini? Kinga za kabla yake zilikuwa zinachana koti la afisa ubavuni. Jeshi zima likabadilisha mtindo kwa sababu ya nguo!

3. SOMA HERUFI ZA MFALME

Hiki ndicho kipande muhimu kuliko vyote, na hakihitaji chuo. Waingereza walikuwa wanaweka herufi za mfalme au malkia anayetawala wakati upanga unatengenezwa:

VR: Malkia Victoria, mpaka 1901.
E, R na VII: Edward wa Saba, 1901 mpaka 1910.
G, R na V: George wa Tano, 1910 mpaka 1936.
G, R na VI: George wa Sita, 1936 mpaka 1952.
E, R na II: Malkia Elizabeth wa Pili, 1952 mpaka 2022.
C, R na III: Charles wa Tatu, kuanzia 2022.

Herufi zinakuwa zimepandana kama chata za ukutani, kwa hiyo kuwa mpole. Na ile taji ya juu nayo inaongea. Kwenye panga za wafalme wa kuanzia 1901 mpaka 1952 matao ya taji yamevimba juu kama kuba la msikiti. Ya wakati wa Elizabeth yamebonyea katikati.

Sasa zingatia kanuni hii: upanga HAUWEZI kuwa mzee kuliko herufi zake. Unaweza kutumika baadaye sana, maana mtoto anaweza kuvaa upanga wa baba yake, lakini hauwezi kurudi nyuma.

Nikakuza picha ya Tabora. Taji limevimba. G. R. Katikati namba ya Kirumi. Nikasema ni V, tano, yaani hadithi ya Vita ya Kwanza inawezekana. Nikamwambia mshkaji apige tena picha asubuhi karibu na dirisha. Ikaja: kuna kijiti kimoja pembeni ya V. VI. George wa Sita.

Wadau, hapo hadithi ya familia ikafa palepale. Vita ya Kwanza iliisha 1918. Upanga huu haujatengenezwa kabla ya Desemba 1936. Baba yake babu hakuupora kwa mtu yeyote kwenye vita ile.

4. JINA LA KWENYE BAPA, NA ILE NYOTA

Karibu na mpini, upande mmoja wa bapa kuna jina. Tahadhari: linaweza kuwa jina la mhunzi au la duka tu. Maafisa wa Kiingereza walikuwa wanajinunulia panga wenyewe, mara nyingi kwa fundi nguo za kijeshi wa London, na duka linaweka jina lake ingawa chuma kimefuliwa kwingine. Birmingham ilikuwa na wahunzi wengi, kama Gill, Osborn na Mole. Na panga nyingi za zamani za "Kiingereza" bapa zake zilitoka mji wa Solingen, Ujerumani. Kwa hiyo ukiona Solingen usikimbilie kusema ni upanga wa Mjerumani. Angalia kwanza taji.

Jina kubwa kuliko yote ni Wilkinson wa London. Ndio hao hao wa nyembe za kunyolea ndevu! Kampuni ilianzia kwenye duka la bunduki la mwaka 1772, panga zikaja kuipa jina, na ikaacha kutengeneza panga mwaka 2005. Kwa anayetafuta ukweli, Wilkinson ni dhahabu kwa sababu moja: kuanzia miaka ya 1850 panga zao bora za maafisa zilipigwa namba kwenye mgongo wa bapa, kule karibu na mpini, na namba ziliandikwa kwenye daftari. Madaftari yamehifadhiwa. Ukiwa na namba unaweza kujua upanga ulitengenezwa lini, na mara nyingi hata nani aliununua.

Upande wa pili wa bapa utakuta kiduara cha shaba kilichozungukwa na nyota ya pembe sita. Hapa mshkaji wangu alitetemeka kabisa: "Bro, hii ni ya Freemason." Hapana jamani! Ni alama ya kwamba bapa limefanyiwa majaribio, limepindishwa na kupigwa na halikuvunjika. Ni kama muhuri wa ubora. Hakuna pepo wala chama cha siri.

5. TAFUTA MSHALE

Kama upanga una kimshale kidogo kilichopigwa kwenye chuma, kinachofanana na unyayo wa kuku, hiyo ni mali ya serikali ya Uingereza. Maana yake ulitolewa stoo, akapewa askari wa kawaida, na alitakiwa kuurudisha. Mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha ni alama kwamba serikali iliutoa kwenye mali zake na kuuza.

Kama hakuna mshale, na badala yake kuna maua, taji na pengine herufi za jina la mtu kwenye bapa, basi ni mali binafsi ya afisa. Uliwekwa na mtu kwa pesa yake mwenyewe, na alikuwa na haki ya kumpa amtakaye.

Wa Tabora hauna mshale. Una herufi tatu za jina la mtu. Zikumbuke hizo herufi, tutarudi.

6. KAZI YAKE: GUSA MAKALI, ANGALIA ALA

Upanga wa vitani ulinolewa. Mwaka 1914 vita vilipotangazwa, maafisa wa Kiingereza walipeleka panga zao kwa mafundi wa kikosi zikanolewa. Baada ya miezi michache wengi waliziacha, maana afisa mwenye upanga unaomeremeta alikuwa analengwa wa kwanza na wadunguaji. Kuanzia hapo upanga wa afisa wa miguu ukawa wa gwaride na sherehe.

Kwa hiyo pitisha kidole TARATIBU kwenye makali. Kama ni butu, na hakuna alama za jiwe la kunolea, huo haukuandaliwa kukata hata tango. Angalia na ala: ya chuma inayong'aa ni ya sherehe, ya mbao iliyovikwa ngozi ya kahawia ni ya kuvaa na mkanda wa kazini.

Na mpini? Ule halisi wa 1897 umevikwa ngozi ya samaki yenye vipele vipele kama chenga za mchanga, halafu waya mwembamba umezungushwa juu yake. Feki za kuning'iniza ukutani mara nyingi zina plastiki, shaba nyepesi, bapa linayumba kama rula na herufi zisizosomeka kuwa za mfalme yeyote. Feki haina namba mgongoni wala haijali taji lilivimba au lilibonyea.

Upanga wa Tabora: makali butu, ala ya ngozi ya kahawia iliyopasuka, mpini wa ngozi ya samaki, namba ipo mgongoni. Sio kanyaboya. Yule mnunuzi alijua anachoshika, au hakujua chochote. Vyote viwili ni sababu ya kutomuuzia.

SASA RUDI TABORA

Nilimpigia mshkaji nikamwambia matokeo: ni upanga halisi wa afisa wa Kiingereza wa askari wa miguu, umetengenezwa kati ya mwisho wa 1936 na mwanzo wa 1952, ni wa gwaride, haujawahi kunolewa, na ulikuwa mali ya mtu mwenye herufi hizi tatu. Hakuna kichwa cha mtu uliokata.

Kimya. Halafu akasema, "Kwa hiyo babu alikuwa anatudanganya?"

Hilo swali liliniuma. Nikamwambia aweke simu sauti ya juu amuulize shangazi yake, yule aliyekataa kuuza. Kumbe katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Shangazi akacheka. Akasema babu hakusimulia hata siku moja habari za vichwa. Hizo ziliongezwa na vijana wa mtaani, na baba zake wadogo wakazikuza. Babu alikuwa mhudumu wa afisa mmoja kambini, anapiga pasi sare, anang'arisha viatu na huo upanga. Uhuru ulipokaribia, 1961, yule afisa akarudi kwao. Shangazi alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka mzungu alikuja mpaka mlangoni akampa babu upanga kwa mikono miwili, na babu akaulaza chini ya kitanda, hakuutoa tena. "Aliniambia, huu niliung'arisha miaka saba, ndio mshahara wangu uliobaki."

Mshkaji akamuuliza yule mzungu alikuwa anaitwa nani. Shangazi akataja jina kwa matamshi ya Kinyamwezi. Jina la ukoo linaanza na herufi ile ile ya tatu kwenye bapa.

Kwa hiyo babu hakudanganya mtu. Walioufanya upanga kuwa wa kuua ni sisi, kwa sababu tuliona aibu kwamba ulikuwa wa kung'arishwa. Mimi naona hii ya pili ni hadithi kubwa kuliko ya kwanza. Ni ya kweli, na imeandikwa kwenye chuma.

Upanga haujauzwa. Paa nalo bado linavuja, sitawadanganya. Panga za aina hii zilitengenezwa nyingi, kwa hiyo mtu asiwaambie mtajenga ghorofa. Lakini sasa wana karatasi yenye vipimo, picha, namba na maneno ya shangazi yaliyoandikwa siku ile ile. Wakiamua kuuza, watauza wakijua wanachouza. Hiyo ndio tofauti kati ya kuuza na kulizwa.

MAMBO MATATU YA KUONDOKA NAYO

Moja, piga picha kila alama kabla hujasafisha chochote.
Mbili, usimwachie mnunuzi aondoke nao "akauangalie". Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayosimamia vitu vya kale na kuvitoa nje ya nchi. Uliza kwanza Makumbusho ya Taifa, pale Dar wako mtaa wa Shaaban Robert.
Tatu, chuma kinasema lini na wapi. Nani na kwa nini anajua shangazi yako. Muulize wakati bado yupo.

Haya wadau, nawasilisha. Kama kwenu kuna upanga, singe, filimbi ya KAR au medali ya babu, mwaga maelezo hapo chini kwenye maoni: urefu, herufi, taji. Namba ya mgongoni usiiweke hadharani, matapeli nao wanasoma hapa. Tutaisoma pamoja. Tuko pamoja!